Kompyuta Haidanganyi? Tujifunze Kwanza Kuuliza

Mwaka huu sikuja na shairi wala ngano ya Sungura na Fisi. Nimekuja na maoni, na maoni yenyewe yametokana na kosa nililolitenda mimi mwenyewe, mbele ya macho yenu, Jumatatu moja asubuhi kwenye paredi. Wahenga walinena kwamba kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi nimeona heri niliandike, ili mimi nisilirudie na ninyi mnaonifuata msilirithi.

Maoni yangu nayasema mapema asije mtu akasinzia katikati. Tumezoea kusema kwamba kompyuta haidanganyi. Eti ikishasema, imesema! Mimi nasema kompyuta hujibu swali ililoulizwa, wala si swali ulilokuwa nalo moyoni. Swali likiwa bovu, jibu nalo litakuwa bovu, hata mashine iwe mpya namna gani. Kwa hivyo kabla hatujamwadhibu mtu kwa orodha iliyotoka kwenye kompyuta, na kabla hatujaanza kuchangishana pesa za kununua mashine nyingine, tujifunze kwanza kuuliza.

Sasa nisikilizeni. Wengi wenu mnajua kwamba vitabu vya stoo, vikiwemo vya Chama chetu, viliingizwa kwenye kompyuta miaka mitatu iliyopita. Kazi hiyo ilianzwa na wakubwa wetu waliokwisha kumaliza, nasi tukairithi. Programu wanayotumia ni ya bure, inaitwa SQLite. Msidhani ni kitu cha ajabu kilichofungiwa maofisini. Ilitungwa na D. Richard Hipp wa Marekani mwaka 2000, na leo imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Hata jumbe zako za WhatsApp, zile unazozificha mama asizione, simu huzihifadhi humo humo.

Ndani ya programu hiyo mna majedwali matatu: la wanafunzi, la vitabu na la mikopo. Katika jedwali la mikopo, kila mstari ni mkopo mmoja: jina la aliyeazima, kitabu alichoazima, siku kilipotoka na siku kiliporudi. Kitabu kikiwa hakijarudi, ile nafasi ya mwisho huachwa tupu. Shule yetu ina wanafunzi kama 900, na kila mmoja huazima vitabu kama kumi kwa mwaka. Fanyeni hesabu wenyewe: kwa miaka mitatu ni mistari kama 27,000. Hakuna binadamu atakayeisoma yote kwa macho akamaliza na akili timamu. Inabidi kuuliza.

Lugha ya kuulizia inaitwa SQL. Chanzo chake ni Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya IBM kule San Jose, California. Mwaka 1970 alichapisha makala akisema kwamba habari ziwekwe katika majedwali, naye mwulizaji aseme tu anataka nini, bila kueleza njia ya kukitafuta. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatunga lugha ya kuulizia wakaiita SEQUEL. Jina hilo likaonekana lina mwenyewe, ndipo likafupishwa kuwa SQL. Mwaka 1986 lugha hiyo ikasanifishwa kule Marekani. Sisi wapenzi wa Kiswahili hatushangai, kwa kuwa Kiunguja nacho kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Lugha ni lugha. Ina sarufi yake, na ukiivunja utaeleweka vingine.

Mimi niliivunja mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa muhula wa pili mwaka jana. Mwalimu mlezi aliniomba nitoe orodha ya wote ambao hawajarudisha vitabu. Nikaiuliza kompyuta hivi: niletee mikopo ambayo siku ya kurudi ni sawa na tupu. Ikanijibu hakuna hata mmoja. Nikakimbia ofisini mbio mbio nikipiga vigelegele. Mwalimu akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Wewe, tangu lini wanafunzi wakarudisha vitabu vyote? Hebu kaangalie rafu." Nikaenda. Rafu zilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Kosa lilikuwa wapi? Katika SQL, tupu huitwa NULL, na NULL si sifuri. Maana yake ni kwamba jambo halijulikani. Ukiuliza kama kisichojulikana ni sawa na kisichojulikana, mashine haisemi ndiyo wala la. Inasema sijui, na mstari usiopata ndiyo hauletwi. Njia ya haki ni kuandika IS NULL, yaani kuuliza kama pale mahali pako tupu, badala ya kuweka alama ya usawa. Nikabadilisha hapo tu, na majina 63 yakamiminika kama mvua ya Aprili.

Hapo ndipo nilipovimba kichwa. Nilidhani nikishatengeneza kosa moja nimemaliza yote. Jumatatu nikapanda jukwaani nikasoma yale majina 63 kwa sauti, na amri ikatolewa kwamba asiyerudisha kitabu kufikia Ijumaa alete shilingi 650. Katika orodha kulikuwa na kijana wa Kidato cha Kwanza. Simtaji jina, na mtaona kwamba jina lenyewe ndilo lililokuwa balaa. Alinyoosha mkono akasema kwa unyenyekevu, "Mimi hicho kitabu sijawahi kukishika." Watu wakaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Kompyuta haidanganyi."

Kitabu chenyewe kilikuwa tamthilia inayosomwa na wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mtoto wa Kidato cha Kwanza alikuwa anakitakia nini. Macho yalikuwa kwenye karatasi.

Jumatano mama yake akaja. Huyo mama huuza sukuma na nyanya pale sokoni Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Alizifungua 650 kutoka kwenye leso, noti na sarafu, akazihesabu mezani, akaomba mtoto wake asifukuzwe. Tukampa risiti. Hakugombana na mtu.

Wiki iliyofuata, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu akaleta kitabu chake, akaomba radhi, nami nikaandika siku kiliporudi. Nilipouliza tena orodha, majina mawili yalikuwa yametoweka. Kitabu kimoja kimerudi, majina mawili yameondoka! Nikahisi baridi mgongoni. Nikaangalia vizuri: wale vijana wawili, wa Kidato cha Tatu na wa Kidato cha Kwanza, walikuwa na majina yale yale, la kwanza na la ukoo, herufi kwa herufi. Jedwali la mikopo lilikuwa na jina tu, bila nambari ya usajili, na swali langu lilikuwa limeunganisha majedwali mawili kwa jina. Kwa hivyo deni la mmoja likawaangukia wote wawili. Kompyuta haikudanganya wala haikukosea. Niliiuliza ni wanafunzi gani wana jina linalofanana na jina lenye deni, ikanipa hao hao. Aliyekosea ni mimi.

Mnacheka? Hebu nendeni kwa mwenye duka yeyote wa mtaani kwetu mtazame daftari lake la madeni. Hawezi kuandika "Mama Brayo" akanyamaza. Kwani Kangemi hii Mama Brayo wako wangapi? Ataandika "Mama Brayo wa ploti ya geti la kijani" au "Mama Brayo wa Gichagi". Huyo hakusomea kompyuta, lakini anajua kwamba jina la watu wengi haliwezi kudai deni la mtu mmoja. Sisi wenye maabara tukasahau alichokijua mwenye duka.

Sasa nije kwenye jambo la pili, kwa maana ubovu wa swali una sura mbili. Sura ya kwanza ni kuleta jibu lisilo la kweli. Ya pili ni kuchelewesha jibu la kweli. Orodha ile ilikuwa ikichukua karibu dakika nzima kutokea, nayo mashine ikinguruma kama matatu inayopanda mlima. Mwenzangu mmoja wa kamati akasimama mkutanoni akasema kompyuta imezeeka, tufanye harambee tununue mpya. Wengi wakapiga makofi. Lakini mchagua jembe si mkulima. Nikaomba wanipe siku chache.

Nilichogundua ni hiki. Kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa kila mtu na mtindo wake, wengine kwa herufi kubwa, wengine wakiacha nafasi mwishoni, swali langu lilikuwa linalisafisha kila jina kwanza: lipunguze herufi, likate nafasi, halafu lilinganishe. Na kwa kila mwanafunzi mmoja kati ya 900, mashine ililazimika kuipitia mistari yote 27,000. Zidisheni: ni zaidi ya mara milioni 24 za kusafisha na kulinganisha. Mzee gani asingetoka jasho?

Tulianza kwa kurekebisha ukweli. Jumamosi mbili tulikaa na madaftari ya zamani, yenye jina na darasa, tukajaza nambari ya usajili katika kila mkopo. Nikabadilisha swali liunganishe kwa nambari. Orodha ikawa ya kweli, na muda ukashuka hadi sekunde kama kumi, kwa sababu hapakuwa na majina ya kusafisha tena. Lakini bado mashine ilikuwa ikipitia mistari yote kwa kila mwanafunzi.

Ndipo nikatumia amri ambayo ningependa kila mmoja wenu aijue: EXPLAIN QUERY PLAN. Ukiiweka mbele ya swali lako, SQLite hailijibu swali, inakueleza njia itakayoipita kulijibu. Kwa jedwali la mikopo ikaniambia SCAN, maana yake nitapita mwanzo hadi mwisho. Nikaandika mstari mmoja tu:

CREATE INDEX mikopo_nambari ON mikopo (nambari);

Nikauliza njia tena. Safari hii ikasema SEARCH, yaani nitakwenda moja kwa moja nilipotumwa. Nikaliendesha swali, na kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe orodha ilikuwa imekwisha kutoka. Kompyuta ile ile, umeme ule ule, stoo ile ile.

Hiyo INDEX ni nini? Ni faharasa. Ukitaka neno "mkopo" katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu huanzi kusoma A. Unafungua katikati, unaona umepita au hujafika, unaenda nusu nyingine. Kwa mistari 27,000, ukigawa nusu kwa nusu hivyo, mara 15 zinakutosha kumfikia unayemtaka. Faharasa ya kompyuta hufanana na hiyo, ila matawi yake ni mengi zaidi na hatua zake ni chache zaidi. Lakini kamusi imepangwa kwa alfabeti ya mwanzo wa neno. Nikikuuliza maneno yote yanayoishia kwa "-po", kamusi haikusaidii kitu, utaisoma yote. Ndiyo maana faharasa ya majina isingenifaa katika lile swali la kwanza: nilikuwa naligeuza jina kabla ya kulitafuta, na lililogeuzwa halikuwa limepangwa mahali popote.

Msije mkaondoka hapa mkaweka faharasa kila mahali. Faharasa nayo ina gharama. Kila mkopo mpya ukiandikwa, faharasa zote za jedwali hilo lazima zipangwe upya kidogo. Weka mahali unapouliza mara kwa mara, kwingine acha. Na faharasa haifanyi uongo kuwa kweli. Ningeweza kuliharakisha lile swali la majina, na lingemtia hatiani mtoto wa watu kwa kasi zaidi.

Yapo makubwa kuliko vitabu. Hapa hapa Kenya, kule Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianza mwaka 2004 kujenga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaoitwa OpenMRS, ukaanza kutumika huko mwaka 2006, na tangu hapo umesambaa katika nchi nyingi. Ndani yake mna jedwali linaloitwa obs, ambamo kila jambo lililopimwa kwa mgonjwa, uzito, joto, matokeo ya damu, ni mstari wake peke yake. Fikirini mistari ya kliniki moja kwa mwaka mmoja! Pale, swali la polepole ni foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni. Swali lisilojua maana ya tupu ni mgonjwa asiyerudi kliniki ambaye orodha haimtaji, kwa hivyo hakuna anayekwenda kumtafuta. Watakaoandika maswali hayo kesho ni nani kama si sisi tunaoandika ya vitabu leo?

Najua wapo watakaosema, "Sisi ni Chama cha Kiswahili, mambo ya kompyuta tuwaachie wenyewe." La hasha! Mashine ina mtaalamu wake ndani. Tangu kazi ya Patricia Selinger na wenzake wa IBM, iliyochapishwa mwaka 1979, programu hizi hujikadiria zenyewe njia ipi ni nafuu. Zinachoshindwa ni kujua ulimaanisha nini. Hiyo ni kazi ya mtu wa lugha, anayejua tofauti ya "hajarudisha" na "hakurudisha", ya "kila mmoja" na "mmoja wao". Siku hizi zipo hata programu zinazokuandikia SQL ukizieleza kwa maneno ya kawaida. Sawa, lakini ukizieleza vibaya zitakuandikia vibaya, tena kwa mwandiko mzuri unaotia imani.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu kwa Chama na kwa uongozi wetu mpendwa. Kwanza, kila swali liandikwe kwa Kiswahili fasaha kwenye karatasi, lisomwe na watu wawili, ndipo lifasiriwe kwa SQL. Pili, orodha yoyote itakayomtoza mtu pesa au kumwaibisha isisomwe hadharani kabla majina kumi hayajalinganishwa na rafu na wenye majina hayajaulizwa faraghani. Na mtu akisema "si mimi", tumchukue kama shahidi, tusimcheke. Tatu, asiyeangalia kwanza njia ya swali asituletee habari za harambee ya kompyuta mpya. Siku mashine itakapokuwa imezeeka kweli, tutachanga.

Sina budi kumaliza hadithi ya yule mama. Baada ya kumweleza Mwalimu ukweli, aliniruhusu niende mwenyewe. Jumamosi nikashuka sokoni na shilingi 650 katika bahasha. Nikamkuta akipanga nyanya. Nikamwamkia, nikamweleza, nikaomba msamaha. Alizihesabu pesa, akazifunga kwenye leso ile ile. Kisha akasema, "Kijana wangu, hizi ndizo zilikuwa za kununulia sukuma siku ile. Sikununua. Wateja wangu wakaenda kwa jirani, wengine hawajarudi hadi leo." Akanyamaza kidogo. "Lakini mtoto wangu aliniambia si yeye. Na mimi pia sikumwamini. Nilisema kama ni kompyuta, basi."

Kwenye paredi ya Jumatatu iliyofuata nilipanda tena jukwaani na kumwomba radhi yule kijana kwa sauti ile ile niliyomshitakia. Alikubali. Siku hizi yeye ndiye mtunza stoo msaidizi, na kila ninapomwonyesha orodha, la kwanza analoniuliza ni, "Uliuliza aje?"

Nami nawaachia swali hilo hilo, wasomaji wangu. Kuuliza si ujinga. Ila tuulize vizuri.